Jirani Yetu wa Kifungo cha Maisha

Asubuhi ile tulitoka bila kujua tunakwenda wapi. Yaya, dada yangu mkubwa, alifunga mlango kwa kufuli, akalivuta kuona kama limeshika, kisha akajitwika mfuko wa nguo kichwani. Mimi nilibeba sufuria, redio na godoro la sponji tulilolikunja na kulifunga kwa kamba. Tulipofika barabarani akasimama.

"Tunaenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele iko wapi?"

"Yaya, miye minajua basi? Tembea kwanza."

Mimi nimezoea kuondoka hivyo. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimelala Beni, Butembo, Uvira na Kisangani. Nimepikia madereva wa malori, nimeuza chumvi, nimefua nguo za wachimba dhahabu. Nikisikia jina la mahali sijafika, nataka kujua watu wa huko wanakula nini na wanagombania nini. Mtu wa namna yangu akiondoka bila mpango, hakuna anayeshangaa. Lakini yaya ni mtu wa kukaa. Tangu alipotoka Bukavu kuolewa Goma, nyumba yake ilikuwa ile moja, ya mbao, pale Katindo, na alisema jeneza lake litatokea mlango uleule. Mtu kama yeye akiondoka bila mpango, ujue amefukuzwa. Aliyemfukuza ni mtu aliyehukumiwa kufungwa maisha. Na aliyemrudisha mtu huyo amfukuze ni serikali, kwa karatasi yenye muhuri.

Nieleze polepole, maana nikiwa na hasira huwa naruka mambo.

Goma hatununui mawe ya ukuta. Volkano imetuachia makoro, yale mawe meusi yenye matundu, na kila mtu anayapanga kuzunguka kiwanja chake. Jirani wa yaya alikuwa na tabia ya kuyasogeza. Usiku anasogeza ukuta kuja upande wa yaya, asubuhi mume wa yaya, aliyekuwa seremala, anayarudisha jiwe kwa jiwe huku akipiga mluzi. Shemeji yangu alikuwa mtu wa utani. Alisema jirani anamsaidia kufanya mazoezi. Siku moja alipoinama kuchukua jiwe, jirani alimpiga kichwani na nyundo kubwa ya kuvunjia makoro. Yaya alikuwa anaanika nguo, mkononi ana shati la mumewe lililokuwa bado linachuruzika maji. Aliona yote.

Mahakamani alisimama akaeleza alichokiona. Jirani alikuwa amekaa pale, anamtazama tu. Hukumu ilisomwa kwa Kifaransa: perpetwite. Yaya akamuuliza polisi aliyesimama karibu naye maana yake nini.

"Maana yake, mama, umemuona mara ya mwisho."

Akaliamini neno lile. Unaweza kumcheka, lakini wewe ungeamini nini? Wakampeleka jirani gereza la mkoa mwingine. Mama yake na wadogo zake walibaki palepale upande wa pili wa ukuta, hawasalimiani na yaya, na miaka ikapita. Yaya akashona nguo za shule za watoto wa kartie, yaani mtaa wetu, akaimba kwaya, akazeeka kidogo. Alianza hata kupanda maua kwenye makopo na kuyaweka juu ya ukuta.

Mimi nilikuwa Kasindi, mpakani, aliponipigia simu.

"Rudia hapa. Ule mutu iko hapa."

"Mutu gani?"

"Wa ukuta."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilipofika akanieleza. Alitoka asubuhi kumwaga maji ya vyombo, akamkuta jirani amesimama upande wa pili kifua wazi, anapiga mswaki. Nywele zimekuwa nyeupe, mwili umenenepa, kovu la shavuni ni lilelile. Akatema povu na kumwambia, "Jambo mama. Maua yako ni mazuri." Yaya akabaki na beseni mkononi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kitu. Si mahakama, si gereza, si shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa. Habari kwamba muuaji wa mumewe ametoka, aliletewa na muuaji mwenyewe, mwenye dawa ya meno mdomoni.

Tukaenda ofisi ya sheria. Karani aliyetupokea alikuwa kijana mwenye tai, anakula karanga kutoka kwenye droo iliyo wazi. Hakuwa mtu mbaya. Hilo linaniudhi zaidi, kwa sababu ningependa kuwa na mtu mbaya wa kumlaumu. Akatafuta dosie, faili la kesi, akaipata.

"Mama, ni kondisyonel," alisema. "Hayuko huru. Yuko nje, lakini hayuko huru."

"Kwangu iko huru sana," yaya akasema. "Inapiga mswaki."

"Ametolewa kwa masharti. Akivunja masharti, anarudi."

Mimi nikauliza, "Hii perpetwite si ni maisha yote? Mtu unamtoa kabla ya muda, sawa. Lakini muda usio na mwisho, kabla yake ni lini?"

"Sheria imepanga, mama. Kuna miaka ya chini. Akiipita, na akiwa na tabia njema, mkubwa anaweza kumtoa."

"Na masharti yenyewe?"

Akasoma kwa kidole. Sharti moja: akae kwenye makao yanayojulikana, kwa familia yake. Sharti lingine: asiikaribie familia ya marehemu.

"Makao yake yanayojulikana ni wapi?"

Akasoma: Katindo, avenyu yetu, namba ya kiwanja.

"Sasa soma ya yaya."

Akasoma ya yaya. Akarudia kusoma ya kwanza. Akatazama dirishani.

"Ni majirani?"

"Ukuta ni mmoja," nikasema. "Ule ule aliomuulia mumewe."

Karani akatia karanga moja mdomoni, akaitafuna mpaka ikaisha.

"Basi asiruke ukuta," akasema.

Yaya aliuliza ni nani aliyesema mtu huyu ana tabia njema. Karani akajibu, gereza. Yaya akauliza gereza ni mtu gani, ana jina gani, anaishi wapi, aende kumuuliza. Karani akasema gereza ni gereza, kuna ripoti. Na je, tukiona anafanya ubaya? "Munakuja kutuambia." Kwa hiyo sisi ndio askari wake? "Hapana, mama. Nyinyi ni raia wema."

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye ukuta, yaya alichukua makopo ya maua moja moja akayaweka ndani ya nyumba, sakafuni, mahali pasipo na jua.

Sasa, mimi sisemi mtu asitoke gerezani kamwe. Butembo nilipika jiko moja na mzee aliyekuwa amefungwa kwa kuua. Alitoka, akakaa kimya na aibu yake, na sijaona mtu mwenye mkono mpole kama wake. Mtoto akilia kwa jirani, yeye ndiye wa kwanza kunyanyuka. Watu hubadilika. Kwa hiyo nilijiambia labda na huyu wetu amebadilika, na sisi ndio tuliobaki na mawe moyoni. Nilitaka kujua. Nikaanza kuuliza kila dereva na kila mchuuzi kama anamjua mtu aliyepita gereza lile la mkoa wa pili.

Nikaelekezwa Munigi, kwa muuza makala, yaani mkaa, aliyekuwa amefungwa huko kwa wizi wa mbuzi. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, mweusi mpaka kwenye kope. Nilipomweleza mtu ninayemuuliza, na kovu lake la shavuni, akaruka kutoka kwenye gunia.

"Gavana! Gavana alitoka?"

"Gavana gani?"

"Wetu! Wa ndani! Mama, unaniambia ule mutu anatembea Goma?" Alitazama nyuma yake, kweli, kana kwamba gavana amesimama kwenye foleni ya makala.

Akanieleza jinsi gereza lile linavyokwenda. Askari hukaa nje, getini. Ndani wafungwa wana serikali yao: gavana, mawaziri, polisi wao na fimbo zao. Gavana ndiye anayepanga nani alale kwenye kitanda, nani alale karibu na choo, nani alale amesimama. Mgeni akiingia anatoa sabuni, anatoa sahani ya chakula aliyoletewa na mkewe. Asiyetoa anapigwa. Jirani yetu aliingia akiwa na mikono mikubwa na hukumu isiyo na mwisho, hana cha kuogopa. Haikuchukua muda akawa gavana.

"Na wakubwa wa gereza hawakuona?"

"Bale banapenda kimya. Kama ndani hakuna kelele, gavana iko muzuri. Na kwake hapakuwa kelele. Hata kukohoa tulikuwa tunaomba ruhusa." Alipandisha suruali, akanionyesha mguu. Mfupa wa mbele ulikuwa umeungana vibaya, una kona. "Hii ni ya kukohoa."

"Basi ile ripoti ya tabia njema ilitoka wapi?"

Alinicheka kama anavyochekwa mtoto. "Wakubwa bakitaka kujua nani iko na tabia njema, banauliza nani? Wao hawaingii ndani. Banauliza gavana."

Nilirudi nikitembea haraka mpaka kandambili moja ikakatika. Nilikuwa nimepata jibu, na kwa kawaida nikipata jibu hufurahi. Safari hii nilitaka kupiga mtu. Wamempima kwa kimya cha watu aliowavunja miguu. Alichofungiwa ndicho alichofanya kila siku huko ndani, na wakakiita utulivu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shefu wa avenyu, muzee mpole anayependa chai yenye tangawizi. Nikamweleza yote, mguu na kona yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe alikuwa gavana," akasema. "Ah! Njo maana anajua kupanga batu."

"Muzee, umenisikia?"

"Nimekusikia, mama. Lakini wewe huko kwenye safari zako hujui. Hapa majambazi walikuwa banatumaliza. Tulikuwa tunapiga masufuria usiku kucha, hakuna anayekuja. Sasa ule mutu amepanga vijana, kila mmoja na filimbi yake, kila mmoja na kona yake. Tunalala."

"Yaya halali."

"Yaya wako asamehe. Si anaimba kwaya?"

Ndivyo ilivyokuwa. Wakati mimi natafuta ukweli wake Munigi, avenyu ilikuwa imempa doria. Na ilikuwa kweli kwamba wezi walipungua, sitadanganya. Alimshika mmoja na kumvunja mkono mbele ya watu, wakapiga makofi. Mama wa nyumba ya kona akaanza kumpelekea sombe, kisamvu kilichopikwa. Wanakwaya wenzake yaya wakawa wanamsimamisha baada ya misa: Dada, ni Kwaresima. Dada, Mungu mwenyewe alisamehe. Dada, mtu ameteseka miaka yote hiyo. Mmoja alimwambia, "Na weye unapenda sana huzuni yako." Yaya alirudi nyumbani siku hiyo akavua sare ya kwaya, akaikunja, hakuivaa tena.

"Wanipe basi huo usingizi wao," aliniambia. "Banasema wanalala. Wanipe na miye kidogo."

Kisha jirani akaua tena.

Ilikuwa alfajiri, saa ya kwenda kupanga bidoni, madumu ya maji, kwenye bomba. Mwishoni mwa avenyu alikuwa amepanga chumba kijana kutoka upande wa Beni, mfanyabiashara mdogo wa maharagwe, aliyekuja juzijuzi tu. Watu walikuwa hawajamzoea sura. Alikuwa anashuka kwenda bombani na bidoni la njano mkononi. Vijana wa doria wakamsimamisha mbele ya nyumba ya yaya. Yaya alikuwa macho, kwa sababu siku hizo alikuwa macho muda wote, akachungulia kwenye upenyo wa mbao. Alimsikia kijana akisema kwa Kiswahili chenye Kinande ndani yake kwamba anaishi palepale, waende wamuulize mwenye nyumba. Jirani akaja. Akauliza, "Nani alikupa ruhusa ya kusema?" Kisha akampiga kichwani na mpini wa sururu, na alipoanguka akaendelea.

Jua lilipotoka avenyu nzima ilikuwa na neno moja: mwizi. Mwizi ameuawa. Shefu alisema mwizi. Mama wa sombe alisema alikuwa amemshuku tangu zamani, mtu aliyekuja juzi. Vijana wenye filimbi walitazama chini wakasema mwizi. Bidoni lilikuwa bado limelala pale kwenye mawe.

Yaya alitoka nje akaliokota, akalishika juu ili walione.

"Mwizi gani anaenda kuiba na bidoni tupu?"

Mmoja akamwambia, "Mama, ingia ndani."

Akaenda kusema. Kwa mara ya pili katika maisha yake alisimama mbele ya watu wa sheria akaeleza jinsi mtu yuleyule alivyoua mtu mwingine kwa mkono uleule. Nilikuwa pembeni yake. Karani ni yuleyule, safari hii bila karanga. Niliona kwamba amestuka, na nilimpa heshima kwa hilo, lakini mstuko wake haukutusaidia kitu.

"Itabidi kondisyonel yake ifutwe," alisema.

"Lini?"

"Akipatikana na kosa."

"Atapatikana lini?"

"Wakiwepo mashahidi."

"Si niko hapa?" yaya akasema.

"Mashahidi wengine, mama. Wewe una ugomvi naye wa zamani. Avokati wake atasema unalipiza kisasi."

Nilisikia kichwa kinawaka. Yaani kwa sababu mtu yule alimuua mumewe, ushuhuda wa yaya hauna uzito. Kadiri mtu anavyokutendea ubaya, ndivyo maneno yako juu yake yanavyokuwa mepesi. Nikamuuliza karani kama jirani akiniua na mimi, yaya atakuwa hana kabisa haki ya kuongea. Akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza. Askari wa mlangoni akanitoa nje kwa kunishika kiwiko, na nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa mama yangu bado yuko hai na kuna watu watamsomea.

Polisi walikwenda kumchukua jirani, ndiyo. Aliondoka kwa pikipiki na alirudi kwa pikipiki kabla ya jioni. Shefu na wazee walikuwa wamekwenda kumsimamia. Walisema ni mtu wa utulivu. Yaya alikuwa uani anakunja nguo zilizokauka. Jirani akaja ukutani, akaegemea makoro kwa viwiko vyake vyote viwili kama mtu anayesubiri mazungumzo.

"Jambo mama," akasema. "Macho yako ingali mazuri. Miaka yote hii, ingali mazuri sana."

Ni hayo tu. Hakuna sheria utakayoipelekea maneno hayo. Hakuruka ukuta.

Yaya aliingia ndani akaanza kupanga nguo kwenye mfuko. Nilimwambia twende Bukavu, kwa mama. Akakataa: mama wa jirani na mama yetu wametoka kilima kimoja, walibatizwa parokia moja, huko wanajua mpaka mlango wa jikoni. Nikataja Uvira, nikataja Butembo. Akasema, "Usiniambie jina. Nikijua jina nitalisema, na nikilisema watalisikia." Ndivyo tulivyofika asubuhi ile, sufuria mkononi, tukienda mbele.

Tulipita Munigi kwa miguu. Zaidi ya hapo tukapata lori la matenga matupu ya samaki. Dereva nilimjua. Niliwahi kumpikia mihogo akaisema vibaya, tukagombana, tukapatana.

"Weye tena? Na leo umebeba na nyumba?"

"Unaenda wapi?"

"Vitshumbi."

Vitshumbi nimekula samaki wake maisha yangu yote, lakini nilikuwa sijafika. Nilimtazama yaya, yaya akatazama pembeni. Tukapanda.

Njiani kila barieri tulisimamishwa. Wenye bunduki walimshusha yaya, wakamuuliza anatoka wapi, anaenda wapi, kwa nani, kwa nini, mwanamume wake yuko wapi. Wakafungua mfuko, wakainua sidiria yake juu wakacheka. Alijibu kila swali kwa sauti ileile. Mimi niliuma meno mpaka taya likauma. Mwanamke wa miaka yake, asiyewahi kuiba hata sindano, anaulizwa na kila kamba iliyofungwa barabarani, na yule aliyetoka kwenye perpetwite alishuka Goma siku moja akaenda zake kupiga mswaki, hakuna mtu hata mmoja aliyemsimamisha kumwuliza anaenda kulala karibu na nani. Tuliingia kwenye mbuga, dereva akatuonyesha nyati, akatuonyesha swala. Nilitazama kwa sababu siwezi kutotazama. Yaya hakugeuza kichwa.

Tulifika jua bado liko juu. Kijiji kile kinanuka samaki mpaka ndani ya masikio. Ndege korongo wakubwa wenye upara wanatembea kati ya watu kama wakusanya kodi, na kiboko mmoja alikuwa amelala karibu na vibanda, watoto wanampita bila kuharakisha. Ziwa limekaa pale mwisho, tambarare. Kwingine kote ningekuwa tayari nimeshauliza maswali ishirini. Nikauliza moja: wapi kuna chumba.

Tukapelekwa kwa mama mmoja Mnande, mjane, anayekausha samaki kwa chumvi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba yake akipasua tilapia kwa kisu kifupi. Hakusimama.

"Munatoka wapi?"

"Goma," nikasema.

"Munakimbia banani?" Akataja makundi mawili, kisha la tatu, kama mtu anayeuliza unataka chai au kahawa. "Hapa wote walifika kwa kukimbia. Niambie tu nijue kama wako nyuma yenu."

"Si hao," yaya akasema. "Ni mutu moja."

Kisu kikasimama. Mwanamke akacheka, kicheko kikubwa, akawageukia wenzake waliokuwa wanapanga samaki. "Mumesikia? Mutu moja!" Kisha kwa yaya: "Mama, mutu moja si munamufunga tu?"

"Alifungwa. Maisha."

"Sasa?"

"Wakamutoa. Akaua tena."

Kicheko kikaisha. Akafuta kisu kwenye kitenge chake, akatutazama mmoja mmoja, miguu yetu, godoro letu.

"Na nyuma yake iko nani? Mutu moja hawezi kufukuza watu wawili mpaka hapa."

"Avenyu nzima," yaya akasema. "Na karatasi."

Mwanamke alinyanyuka akishika magoti, akatuongoza nyuma ya nyumba. Alikuwa na vyumba viwili vya kutupangisha. Cha kwanza kilikuwa kizuri: kitanda cha mbao, ukuta uliopakwa udongo mweupe, na dirisha pana linalotazama ziwa, hewa inapita. Nilitupa godoro pale sakafuni, nikashukuru. Nilikuwa nimeshaanza kuona mitumbwi ya wavuvi ikirudi na nilitaka kutoka nikaone wamepata nini.

Yaya hakuingia. Alisimama kizingitini akilitazama lile dirisha.

"Na hiki kingine?" akauliza.

"Hicho cha kuweka samaki wa kavu. Kina mlango tu."

"Nifungulie nione."

Mwanamke akamfungulia. Giza, sakafu ya udongo, harufu ya chumvi na magamba iliyokaa humo miaka. Kuta nne na mlango mmoja mzito wenye komeo kwa ndani. Yaya aliingia, akaupiga mlango kwa kiganja, akavuta komeo, akalifungua, akalivuta tena.

"Mama," mwenye nyumba akasema, "hiki ni cha samaki, si cha mutu. Uko na dirisha kule, uko na ziwa. Bei ni ileile."

"Nitachukua hiki," yaya akasema kutoka ndani.

Nilibeba godoro nikampelekea.